Sanduku la Mwalimu: Mwagia maji kwanza

Toleo lililopita nilijibu kwa mistari minne swali la msomaji wa Gairo kuhusu "ukoga wa kijani" ulioota kwenye njia ya kwenda kwake. Nikasema huenda ni hepatiki, nikaendelea na mambo ya mchwa. Nilidhani hakuna aliyesoma. Kumbe! Barua na jumbe zilizokuja zimezidi hata zile za mchwa, kwa hiyo mwezi huu sanduku lote ni lao. Wa mchwa nivumilieni.

Jina kwanza, maana watatu wameniuliza. Mtaani chochote cha kijani kilichobandika kwenye jiwe, ukuta au udongo ni ukoga, na kikishakauka ni uchafu tu. Hapo ndani mna ukoo mzima wa mimea isiyo na mizizi, maua wala mbegu, nayo ndiyo hepatiki. Neno hepatiki linatokana na Kigiriki, lina maana ya ini. Wazungu wa zamani waliona baadhi ya mimea hii ina umbo la ini wakaamini inatibu ini. Imani ikafa, jina likabaki. Jamaa zake wa karibu ni mosi (si ile ya kuhesabia), wenye vijani vidogo vilivyosimama kama zulia. Wengi tunajua kwamba vitu hivi hupenda mtoni na kwenye maporomoko ya maji. Zipo zilizochagua ukame, na hizo ndizo ninazoulizwa.

*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina ekari mbili za zabibu nje kidogo ya Dodoma mjini. Kila mwaka mvua ikishapiga mara tatu nne, kati ya mistari ya mizabibu hutokea vitu vya kijani kama nyota zilizobandikwa kwenye udongo, kila moja sawa na sarafu. Mwezi wa sita sivioni tena. Kijana wangu alipiga picha akaipitisha kwenye programu ya simu ya kutambua mimea. Mara ya kwanza ikasema ni mwani, mara ya pili mche wa figili, mara ya tatu ikakataa kujibu. Ni nini hivi, na je, vinakula mbolea yangu?
Mkulima wa zabibu, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbolea yako iko salama.

Katika hayo majibu matatu ya simu, mimi naliheshimu la tatu. Wewe umenipa vitu ambavyo picha haina: mahali, majira, na habari kwamba vinapotea. Dodoma mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mmea wa kijani wenye umbo la nyota, uliolala chini kabisa, unaokuja na mvua na kutoweka nayo, kwenye udongo mtupu usioshindaniwa na nyasi: naweka jina la Riccia, mmoja wa hepatiki, hata kabla sijauona. Lakini usiniamini kwa sababu mimi ni mwalimu. Uthibitishe mwenyewe.

Chuchumaa. Hepatiki haitazamwi mtu akiwa amesimama. Chimbua nyota moja kwa ncha ya kisu pamoja na udongo wake, iweke kwenye kisahani. Ukiwa na lenzi ya mkononi ya kukuza mara kumi, vizuri. Mimi natumia kioo cha fundi saa, kile anachokibana jichoni. Nilikinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga kibanda chake, na hadi leo mke wa jirani akiniona nimekibana kando ya barabara anawaambia watoto wasinisogelee.

Fuata mwali mmoja wa nyota kutoka katikati kwenda nje. Utaona unagawanyika mara mbili, kama herufi Y, na kila tawi linagawanyika tena. Mche wa figili haufanyi hivyo. Una shina na majani mawili ya kwanza, mchezo umekwisha. Huu hauna shina wala jani, ni utepe mtupu wenye upana wa milimita moja au mbili. Juu ya utepe, katikati, mara nyingi unapita mfereji, kama ule wa punje ya kahawa. Kisha ugeuze. Chini utaona nyuzi nyembamba zinazong'aa, zimeshika chembe za mchanga. Si mizizi. Kila uzi ni seli moja tu iliyorefuka, ambapo kwa mosi uzi kama huo huwa na seli nyingi zilizofuatana.

Sasa angalia sehemu za zamani, karibu na katikati ya nyota. Ukiona vidoa vyeusi vilivyozama ndani ya mwili, umeikamata Riccia. Hepatiki nyingine huinua matunda yake juu kwa kikonyo, nyingine hutengeneza mwavuli kabisa. Riccia haina mambo hayo. Inazaa ndani ya mwili wake, na watoto hawatoki mpaka mama aoze. Bonyeza kidoa kwa sindano juu ya karatasi nyeupe, zitatawanyika chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Hizo ni spora, chembe zake za kuzalia, nazo ni kubwa kwa kipimo cha spora, nyingine zinakaribia sehemu ya kumi ya milimita. Kitu kizito namna hiyo hakipeperuki kwenda mbali, ndiyo maana unaziona palepale kila mwaka.

Na kule kupotea kwake? Fanya jaribio hili siku ya Jumapili. Kiache kisahani dirishani panapopiga jua la mchana. Kingo za kila utepe zitaanza kuinuka, zitajikunja kuelekea juu hadi zikutane katikati, kama mkeka unaokunjwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mgongo wa kijani umefichwa. Kinachobaki nje ni ubavu na tumbo, vyenye magamba madogo, meusi, ya zambarau au meupe kutegemea aina. Nyota yako imegeuka kijiuzi cheusi kisichopita ncha ya penseli. Mwezi wa sita hazijaenda popote, mwanangu, unazikanyaga.

Mwagia matone mawili ya maji uone. Mimi niliwahi kusahau bahasha ya Riccia nyuma ya kopo la sukari kwa miaka miwili, mjukuu wangu akadhani ni majani ya chai. Tuliiokoa sufuria ikiwa tayari jikoni. Nikaiweka kwenye kisahani chenye maji, na kabla chai halisi haijapoa kingo zilikuwa zimefunguka, kijani kimerudi. Mjukuu akapiga kelele kwamba imefufuka. Nikamwambia asubiri, kwa sababu kufunguka si kufufuka. Hata kilichokufa hunyonya maji kikanyooka, kama karatasi iliyokunjwa ikitumbukia kwenye beseni. Uhai unauona kwenye ncha: ukiiacha kwenye unyevu siku kadhaa, iliyo hai huanza kuchipua kijani kipya mbele ya kile cha zamani. Ile yetu ilichipua ncha mbili kati ya nyingi. Mbili zinatosha.

Ukitaka kwenda mbele zaidi ya jina la ukoo, inabidi ukate. Hapa msomaji wa mjini anayedhani lazima awe na maabara nitamshangaza. Tafuta kipande cha shina la muhogo, toa kile kiini cheupe chepesi kilicho katikati, kipasue kwa urefu, bana utepe wako humo kama nyama kwenye mkate, kisha kata kwa wembe mpya vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Kata kumi, utazame kimoja. Vya wembe wa zamani ni uji.

Upande uliokatwa una habari mbili zinazotofautiana. Kwa Riccia nyingi za mashambani kama lako, seli za juu zimesimama safu safu zimebanana, kama nywele za mswaki. Kwa nyingine, kama Riccia cavernosa inayoota kwenye tope la lambo linapokauka, ndani mna vyumba vikubwa vya hewa, na sehemu za zamani mapaa ya vyumba hubomoka hadi mgongo wote unakuwa matundu matundu kama kitumbua kilichokatwa. Tofauti hiyo utaiona hata kwa kioo cha fundi saa.

Baada ya hapo, kusema ni Riccia ipi hasa ni kazi ya spora na hadubini: ukubwa wake, rangi, na michoro ya juu ya ganda, mingine kama sega la nyuki. Aina ni zaidi ya mia moja duniani. Ukiniletea picha ya simu peke yake nitakuandikia "Riccia", nukta. Anayekupa jina kamili kwa picha amekubahatishia.

*

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi wa kuchonga mawe hapa Kitui. Kuna mwamba mkubwa karibu na kwetu, na kwenye nyufa za upande usiopigwa na jua la alasiri kumebandika vipande kama ngozi, pembeni ni zambarau. Jirani yake kuna vingine vyeusi kabisa kama mpira uliochomwa. Mimi nasema ni vitu viwili. Mke wangu anasema ni kimoja. Tumewekeana dau la kuku. Picha ndizo hizo.
Fundi wa mawe, Kitui

JIBU: Sijambo fundi, na salamu kwa mama. Picha nimeziona, zote ulizipiga wakati wa kiangazi, na hapo ndipo tatizo lilipo. Kabla ya kuchinja kuku, chota maji.

Nilikujibu hivyo kwa simu, ukakubali. Nilikuomba ubandue vipande sita, vitatu vya kila sura, uviweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, unipigie tena. Matokeo ninayo, nayaandika kwa ruhusa yako. Vyenye kingo za zambarau vilifunguka vyote. Vyeusi, viwili vilifunguka vikawa sawasawa na vile vya kwanza. Cha tatu kilivimba tu, kikawa laini na utelezi kama ngozi ya kambale, cheusi vilevile, hakina kijani cha majani wala nyuzi za chini.

Kwa hiyo vitano ni kitu kimoja. Weusi wa viwili ulikuwa ni tumbo: utepe ulijikunja ukaonyesha magamba yake. Cha sita ni kuvumwani (kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kitu kimoja), lile la aina ya utelezi ambalo mvua hulifanya jeli. Mke wako ameshinda kwa vitano, wewe umeshinda kwa kimoja. Kuku mgawane kwa uwiano huo, shingo na miguu ziwe zako.

Usione aibu. Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu kijana, najiona mtaalamu, nikamtumia mjuzi mmoja wa mimea bahasha kumi na mbili nilizoziandika "Riccia" kwa mwandiko mzuri. Nne zilirudi na neno moja kwa kalamu nyekundu: kuvumwani. Moja ilikuwa mche wa bamia. Tangu siku hiyo sitazami kitu kikiwa kikavu peke yake.

Sasa, hivyo vitano ni nini? Si Riccia, vina nguvu zaidi, ni vinene kama ngozi ya kiatu, na vimeshika mwamba. Kwenye nyufa za mawe za nchi kavu, ukame wa Afrika Mashariki hadi ule wa Bahari ya Kati, wawili hukutana mara kwa mara: Plagiochasma na Targionia. Ukitazama mgongo tu utachanganyikiwa, wanavaa sare. Watazame wanapozaa. Plagiochasma huotesha kikonyo kifupi katikati ya mgongo, nyuma ya ncha, chenye kofia ndogo juu. Targionia haina kikonyo. Nenda kwenye ncha ya utepe, chungulia kwa chini: utakuta kikoba cheusi kinachong'aa, chenye vifuniko viwili vinavyokutana, kama kome mdogo wa baharini. Mtu aliyekiona mara moja hakisahau. Ukikosa vyote viwili, angalia mgongo ukiwa umelowa. Targionia huonyesha vitundu vya hewa kama nukta nyeupe zilizotawanyika. Kwa Plagiochasma rupestre hutaviona kirahisi. Mmoja wa vipande vyako ulisema una "kijiti kama kiberiti kidogo, katikati". Mimi naelemea Plagiochasma, lakini nenda tena mvua za Oktoba hadi Desemba zikikolea, vijiti viwe vingi.

Ukiwa huko huko, tafuta na wa tatu, maana mwenye macho ya kuchonga mawe ndiye anayefaa kumwona. Anaitwa Exormotheca. Mgongo wake umejaa vichuguu vidogo vinavyong'aa kama kioo, kila kimoja ni chumba cha hewa kilichoinuka chenye tundu kileleni. Kwa mbali utadhani mtu kamwaga chembe za sukari. Huyo hahitaji kikonyo wala kikoba kumtambua.

(Mliouliza haya majina magumu yametoka wapi: Riccia na Targionia yalitolewa na Micheli, mtaalamu wa mimea wa Florence, Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1729. Targionia ni kwa heshima ya Mtaliano aliyeitwa Targioni. Kwa hiyo tunachuchumaa Kitui na Dodoma tukiwataja watu wa Florence.)

*

SWALI: Bibi Mwalimu, mwembe wetu hapa Muheza una mabaka mekundu-kahawia kwenye gome, kama kutu. Ukiyakwaruza yanatoka kama unga. Ni ugonjwa? Na mbona kaka yangu anayepasua kuni mikono humuwasha?
Binti wa Muheza

JIBU: Mjukuu wangu, Muheza kuna mvua, lakini gome la mwembe ni jangwa lililosimama wima. Maji yanapita, hayakai. Kwa hiyo linaota vitu vya jangwani.

Usikwaruze. Lowesha. Baka la kutu likinywa maji litageuka vijitawi vyembamba vilivyotambaa, vyenye majani safu mbili. Ndiyo, hepatiki nyingine zina majani, kwa kweli zilizo nyingi. Bandua kitawi kimoja, kigeuze, na hapa lenzi ni lazima. Chini ya kila jani ukiona kikofia kidogo kama helmeti ya mwendesha bodaboda, kilichosimama peke yake pembeni ya jani, hiyo ni Frullania. Vikofia hivyo hushika maji, na katika tone lililomo huishi wanyama wadogo kabisa wanaoogelea. Kama badala ya kikofia ukingo wa jani wenyewe umekunjwa ukawa kama mfuko wa shati, umewafikia ndugu zake wa jamii ya Lejeunea, ambao ni wengi mno na wadogo mno. Kwa hao mimi nanyoosha mikono. Profesa Tamás Pócs, Mhungaria aliyefundisha Morogoro na kukusanya sana milima ya Uluguru, amewashughulikia watu wa aina hiyo miaka na miaka, na wengine hawazidi upana wa uzi wa kushonea.

Mti hauumwi. Vinaushika tu, havinyonyi kitu chake.

Kuhusu kaka yako: Frullania inajulikana kwa kuwasha. Wakata miti wa Ufaransa na Kanada wamepata upele kwa sababu yake, kutokana na kemikali iliyomo ndani yake. Ajaribu glavu na mikono mirefu, na upele ukiendelea aende kituo cha afya, siyo kwangu.

*

SWALI: Mwalimu, nilikusanya vyangu nikavifungia kwenye kopo la plastiki ili visikauke. Wiki moja vimeota ukungu mweupe, vinanuka. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa ualimu, Singida

JIBU: Umekosea hapo kwenye "ili visikauke". Umewanyima kile walichokizoea. Mmea uliozaliwa juu ya mawe ya Singida unakufa kwa kubembelezwa. Karatasi, kila siku karatasi: kunja bahasha ya kaki au gazeti, weka kipande pamoja na udongo wake mwembamba, kiache kikauke kivulini. Usikibane kwenye kitabu kama ua, utavunja vyumba vya hewa ambavyo kesho utataka kuvikata. Nje andika kwa penseli, siyo peni, kwa kuwa wino wa peni hukimbia ukilowa: mahali, tarehe, kilichootewa (mwamba, udongo wa mfinyanzi, gome, na upande gani), kivuli au jua. Ukiweza, mwinuko pia. Jambo moja ulifanye kabla hakijakauka: seli za hepatiki nyingi zina matone ya mafuta yanayong'aa, yenye umbo na idadi inayosaidia kutambua, nayo huharibika kielelezo kikikauka. Kama chuoni kwenu kuna hadubini, yachore siku ileile.

Bahasha iliyoandikwa vizuri ina thamani. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, yana hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa) ya Afrika Mashariki, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ya kwake. Piga simu kwanza uwaulize wanapokeaje. Usifanye nilivyofanya mimi 1988.

*

SWALI: Kiangazi hiki nyota za kijani zimeota kwenye msingi wa saruji chini ya tangi la maji. Zitapasua saruji?
Baba wa nyumba, Kongwa

JIBU: Hapana. Hazina mizizi ya kupasulia. Ila zinakwambia pale chini pana maji yasiyotakiwa kuwapo wakati wa kiangazi. Kagua koki ya tangi lako, pengine inavuja.